Kufundisha sikukuu za nchi zinazozungumza Kiingereza: mwongozo kamili kwa mwalimu

Somo la sikukuu za Uingereza na Marekani huharibika pale mwalimu anapochora jedwali ubaoni: safu ya kwanza jina la sikukuu, ya pili tarehe, ya tatu nchi, ya nne wanachofanya. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, na baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka kama Halloween ni Oktoba au Novemba. Kibaya zaidi, kipindi kizima hakuna aliyefungua mdomo kusema Kiingereza.

Hapa tutakwenda njia nyingine. Tutachukua sikukuu chache, na kila moja tutaifunga kwenye kazi ya lugha ambayo mtu hukutana nayo kweli: kujibu mwaliko, kusoma tangazo la duka kufungwa, kusimulia kisa, kuuliza kwa adabu kilichomo kwenye sahani. Utamaduni utaingia humo humo. Kwangu mimi, sikukuu moja iliyofundishwa kwa vipindi vinne ni bora kuliko kumi za jedwalini, hata kama azimio la kazi linakusukuma ukimbie.

Hatua ya 1: Jua unamfundisha nani

Kijana wa kidato cha pili Morogoro, mhudumu wa hoteli Nungwi, muuguzi anayejiandaa kwenda kufanya kazi Uingereza, na familia ya Wakongo iliyoko kambi ya Nyarugusu ikisubiri kuhamishiwa Marekani hawahitaji somo moja.

Mhudumu wa hoteli anahitaji kujua kwamba mgeni Mwingereza hutarajia mlo mkubwa wa Krismasi mchana wa tarehe 25, wakati Mjerumani wa meza ya pili sherehe yake ni jioni ya tarehe 24. Muuguzi anahitaji kuelewa siku za mapumziko kwa sababu zamu zake zitapangwa kwazo: England na Wales zina siku 8 za kawaida kwa mwaka, Scotland 9, Ireland ya Kaskazini 10. Familia ya Nyarugusu inahitaji kuambiwa mapema kwamba usiku wa Halloween, tarehe 31 Oktoba, watoto wa jirani wanaweza kugonga mlango wakiwa wamevaa vinyago wakiomba pipi, na kwamba milipuko ya usiku wa tarehe 4 Julai ni fataki. Kwa mtu aliyekimbia risasi Kivu, taarifa hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko historia yote ya uhuru wa Marekani.

Mwanafunzi wa sekondari haendi kokote mwezi ujao. Yeye anahitaji visa vya kusimulia, nyakati za vitenzi, na ujasiri wa kuzungumza. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote andika juu ya andalio lako la somo mstari mmoja unaoanza "Mwisho wa kipindi mwanafunzi ataweza…", kisha malizia kwa kitendo kinachoonekana au kusikika. "Atajua kuhusu Thanksgiving" (sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru) haipimiki. "Ataweza kujibu mwaliko wa chakula na kueleza asichokula" inapimika.

Hatua ya 2: Chagua sikukuu chache

Kwa darasa la kawaida la sekondari mimi ningechagua Thanksgiving, usiku wa Guy Fawkes (tarehe 5 Novemba, Uingereza), Boxing Day (tarehe 26 Desemba), Kwanzaa ya Wamarekani Weusi, na tarehe 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Krismasi nisingeipa somo zima, maana wanafunzi wanaijua, hata wale wasioisherehekea. Itumie kwa kulinganisha tu. Australia Krismasi huangukia kiangazi, watu wako ufukweni na nyama iko kwenye jiko la mkaa. Scotland siku hiyo haikuwa ya mapumziko rasmi hadi 1958. Sherehe kubwa ilikuwa mkesha wa mwaka mpya, uitwao Hogmanay, na mpaka leo Waskoti wana siku ya ziada ya kupumzika, tarehe 2 Januari.

Usiache pia darasa liamini kwamba Kiingereza kina nchi mbili. Jamaika huadhimisha tarehe 1 Agosti kukomeshwa kwa utumwa na tarehe 6 Agosti uhuru wa 1962. Afrika Kusini ina Heritage Day tarehe 24 Septemba, na watu huchoma nyama siku hiyo kiasi kwamba wengi huiita Braai Day. New Zealand imeweka tangu 2022 siku ya mapumziko ya Matariki, mwaka mpya wa Wamaori, unaohesabiwa kwa kuchomoza kwa kundi la nyota. Nyota zenyewe ni Kilimia, zile zile ambazo wakulima wetu walipangia misimu na wazee wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mwanafunzi mwenye bibi kijijini anaweza kusimama akaeleza Matariki vizuri kuliko kitabu cha kiada.

Hatua ya 3: Anza na tarehe, kwa sababu hapo ndipo watu hupotea

Andika ubaoni 5/11. Uliza: London ni lini? New York ni lini? London ni tarehe 5 Novemba, usiku wa moto na fataki. New York ni tarehe 11 Mei, siku kama nyingine. Kisha andika 7/4. New York ni sikukuu ya uhuru, London ni tarehe 7 Aprili. Waache wabuni tarehe zao na kutegana wawili wawili. Dakika kumi zinatosha, na watakuwa wamezoea kutaja miezi kwa sauti.

Baada ya hapo ingia kwenye sikukuu zinazohama. Thanksgiving ya Marekani ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Ya Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Siku ya Mama Uingereza ni Jumapili ya nne ya Kwaresima, Marekani ni Jumapili ya pili ya Mei. Wape kalenda ya mwaka huu, hata ile ya ukutani yenye tangazo la duka la vifaa vya ujenzi, watafute tarehe wenyewe na waseme sentensi kamili: "This year Thanksgiving is on…"

Vihusishi vya wakati wafundishe hapa hapa: "in December", "on Christmas Day", "at Christmas", "over the holidays". Sisi tunasema "wakati wa Krismasi" na mambo yanaisha, ndiyo maana "in Christmas" inajaa kwenye madaftari. Kuwapa kanuni ndefu hakusaidii. Zoezi la kusema kwa kupokezana, safu hadi safu, linasaidia.

Na kuna saa. Mwaliko ukisema "at three", Mmarekani anamaanisha saa tisa alasiri yetu. Kosa hili hutokea hata kwa wenye Kiingereza kizuri, hasa wakiwa na haraka. Kila tarehe utakayofundisha iambatanishe na saa, na mwambie mwanafunzi ataje zote mbili: ya Kiingereza na ya Kiswahili.

Hatua ya 4: Somo zima la Thanksgiving, kipindi mfululizo cha dakika 80

Ninaieleza hii kwa urefu kwa sababu ukishaielewa, sikukuu nyingine zote utazipanga kwa mfano huu. Vifaa ni chaki, karatasi zilizokatwa kutoka maboksi, na sauti yako. Kama una simu yenye picha ya meza ya Thanksgiving, izungushe. Kama huna, somo halipungui kitu.

Dakika kumi za kwanza usiitaje Marekani. Uliza kwa Kiingereza: "When does your whole family eat together? Who cooks? Who travels?" Watasema Idd, Krismasi, arusi, arobaini. Andika vitenzi vinavyotoka midomoni mwao upande mmoja wa ubao: "travel home", "slaughter a goat", "cook pilau", "visit". Vitabaki hapo hadi mwisho.

Kisha waandikie ujumbe huu, kana kwamba umetoka kwa jirani Mmarekani kwenda kwa Amina aliyewasili miezi michache iliyopita:

"Hi Amina! We're having Thanksgiving dinner at our place on Thursday at three. Please come, and bring the kids. No need to bring anything. Let me know if there's anything you don't eat."

Wasome kimya. Uliza maswali ya kawaida kwanza: nani, wapi, lini. Halafu uliza yasiyoandikwa. Je, Amina aende mikono mitupu? Mwenyeji amesema hakuna haja ya kuleta kitu, lakini wageni wengi wa Kimarekani wangefika na keki, matunda au maua, na hakuna ambaye angewashangaa. Je, aende saa tisa kamili? Ndiyo, au dakika chache baadaye. Saa kumi na moja chakula kitakuwa kimepoa na wenyeji wamekasirika kimoyomoyo. Je, anaweza kuja na shangazi ambaye hakutajwa? Aulize kwanza, na hapa unafundisha sentensi: "Would it be all right if my aunt came too?" Mjadala huu wa dakika kumi na tano ndio utamaduni wenyewe, na unafanyika kwa Kiingereza.

Sehemu ya tatu ni chakula. Taja vitu vya meza hiyo: bata mzinga aliyeokwa mzima, mkate wa ngano au wa mahindi uliokolezwa viungo na kushindiliwa ndani yake, ambao huitwa "stuffing", viazi vya kuponda na mchuzi mzito, sosi ya cranberry, tunda dogo jekundu lenye uchachu, na pai ya boga. Usitafsiri kila kimoja kwa juhudi kubwa. Waache wanafunzi waulize "What's it made of?" na "Is it sweet or salty?" nawe ujibu. Pai ya boga huwashangaza kwamba ni tamu na huliwa mwishoni, ingawa anayelijua boga la nazi la pwani atakuwa wa kwanza kuelewa. Hapa mfundishe mwanafunzi Mwislamu, na kila asiyekula kitu fulani, sentensi atakazozihitaji: "I don't eat pork. Is there any pork in the stuffing?" Swali hilo si utani, kwani mapishi mengi hutia soseji ya nguruwe humo.

Sehemu ya nne ni maigizo. Vikundi vya sita, kila kimoja ni meza. Mmoja mwenyeji, mmoja Amina, waliobaki ni watoto, babu, na jirani anayependa mpira wa Kimarekani (si soka), kwa sababu timu ya Detroit Lions imekuwa ikicheza siku hiyo tangu 1934 na kuna nyumba ambazo televisheni haizimwi. Familia nyingi huzunguka meza kila mtu akisema anachoshukuru: "I'm thankful for…" Kila mwanafunzi lazima amalize sentensi hiyo. Darasa la watu sitini lina meza kumi, kelele zitakuwa nyingi, na mwalimu wa darasa la jirani huenda akachungulia dirishani. Mkaribishe.

Hapa sisitiza jambo moja la adabu. Kwetu mgeni hukataa mara ya kwanza, mwenyeji hushikilia, na mgeni hukubali mara ya pili au ya tatu. Mmarekani akikuuliza "Would you like some more?" nawe ukajibu "No, thank you", ataamini umeshiba na bakuli litahamia kwa mwingine. Anayetaka kuongezewa aseme "Yes, please, just a little." Waigize mara mbili, kwa desturi ya hapa na kwa desturi ya kule.

Dakika za mwisho ni za maandishi: kila mmoja anaandika jibu la Amina, sentensi nne. Ashukuru, akubali, aeleze asichokula, aulize swali moja. Hilo ndilo utakalosahihisha.

Hatua ya 5: Kipindi cha pili, simulia historia pamoja na ugomvi wake

Historia ya Thanksgiving kwenye vitabu vya watoto ni picha tamu ya wahamiaji wa Kiingereza na Wahindi Wekundu wakila pamoja. Tukio lipo: vuli ya 1621 huko Plymouth wahamiaji walisherehekea mavuno, na chifu Massasoit wa Wampanoag, wenyeji wa eneo hilo, akafika na watu wake wapatao 90. Walikula siku tatu. Barua iliyoandikwa wakati huo inataja ndege wa kuwinda na paa watano walioletwa na Wampanoag.

Lakini sikukuu ya kitaifa ilikuja baadaye sana. Mhariri mmoja mwanamke, Sarah Josepha Hale, aliipigia debe kwa miaka mingi, hadi Abraham Lincoln alipoitangaza 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1939 Rais Franklin D. Roosevelt aliiwahisha kwa wiki moja ili maduka yapate muda mrefu zaidi wa mauzo ya Krismasi. Majimbo mengine yakagoma, na kwa muda nchi ikawa na Thanksgiving mbili. Bunge likamaliza ubishi 1941 kwa kuipanga Alhamisi ya nne. Kisa hicho cha Roosevelt ni zawadi kwa mwalimu wa nyakati za vitenzi zilizopita: "moved", "refused", "was confused", "decided". Kiandike kwa sentensi nane, zikate, wape vikundi wazipange.

Kisha waeleze kwamba tangu 1970 Wenyeji wa asili na wanaowaunga mkono hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kwa maombolezo, wakikumbuka ardhi na watu waliopotea baada ya karamu ile. Australia nako tarehe 26 Januari, siku meli za kwanza za wafungwa wa Kiingereza zilipotua Sydney Cove mwaka 1788, ni sikukuu ya taifa kwa wengine na siku ya uvamizi kwa wengine; Waaborijini waliitangaza siku ya maombolezo tangu 1938. Walimu wengi huruka sehemu hii wakiona ni siasa. Mimi naona ndiyo inayowafanya wanafunzi waongee. Nchi isiyo na mabishano kuhusu sikukuu zake ni nchi ya kwenye vitabu tu.

Wape lugha ya kubishana kwa heshima: "Some people feel that…", "Others point out that…", "I can see why…" Usiwape hukumu yako. Kazi yao ni kueleza pande zote mbili kwa Kiingereza kinachoeleweka.

Hatua ya 6: Kwanzaa, somo ambalo wanafunzi ndio wataalamu

Sijui sikukuu inayoamsha darasa la Waswahili kama hii. Kwanzaa ilianzishwa California mwaka 1966 na Maulana Karenga kwa ajili ya Wamarekani Weusi, nayo huadhimishwa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari. Jina limetokana na "matunda ya kwanza", na a ya mwisho iliongezwa ili herufi ziwe saba. Siku zenyewe ni Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Mezani hutandikwa mkeka, juu yake kinara chenye mishumaa saba: mweusi katikati, mitatu myekundu na mitatu ya kijani. Kuna mazao, muhindi, kikombe cha umoja na zawadi, na tarehe 31 Desemba hufanyika karamu.

Waulize watabiri salamu ya siku hiyo ni nini. Ni "Habari gani?", na jibu lake si "nzuri" bali ni jina la siku: "Umoja!" Darasa litacheka, na kicheko hicho ni halali, ila usikiache kigeuke dhihaka. Eleza kwamba mababu wengi wa Wamarekani Weusi walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na Kati, wala hawakusema Kiswahili. Lugha yetu ilichaguliwa kwa sababu si mali ya kabila moja. Wanaoisherehekea si wote, na wengi wao husherehekea Krismasi pia.

Kazi ya lugha hapa ni kueleza. Mwanafunzi mmoja ni mgeni kutoka Atlanta anayeisherehekea tangu utotoni, mwingine ni kijana wa Tanga. Mgeni anauliza neno lina maana gani hapa kwenu, kijana anaeleza linavyotumika leo. "Ujamaa" peke yake itakula dakika kumi: katika Kwanzaa inahusu kununua kwenye maduka ya watu wenu na kujenga uchumi wa pamoja, na kijana wa Tanga atalazimika kueleza Azimio la Arusha la 1967 kwa Kiingereza chake mwenyewe. Ni mara chache mwanafunzi wetu hupata mazungumzo ya Kiingereza ambamo yeye ndiye anayejua zaidi.

Hatua ya 7: Sikukuu nyingine tatu kwa haraka

Usiku wa Guy Fawkes ni kisa cha upelelezi. Mwaka 1605 kundi la Wakatoliki wakiongozwa na Robert Catesby walipanga kulipua Bunge pamoja na Mfalme James I. Barua isiyo na jina ilimfikia lodi mmoja ikimwonya asihudhurie. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba Guy Fawkes alikamatwa chini ya jengo akilinda mapipa 36 ya baruti. Hadi leo Waingereza huwasha moto mkubwa, hurusha fataki, na pengine huchoma sanamu yake ya matambara. Fundisha kwa mahojiano: mwanafunzi mmoja Fawkes, watatu askari, maswali ya "What were you doing when…?" Wakati uliopita wa kuendelea haujawahi kupata mfano mzuri zaidi. Bila moto darasani, tafadhali.

Boxing Day ipo kwenye kalenda ya Tanzania pia, na bado wanafunzi wengi hudhani inahusu ndondi. Asili yake ni visanduku vya zawadi walivyopewa watumishi na mafundi baada ya Krismasi. Mashabiki wa Arsenal na Manchester United darasani wanaijua kwa ratiba ya mechi, basi tumia ratiba: waandike na kusoma tangazo la ratiba ya siku hiyo, na tangazo la duka linalofunguliwa saa nne badala ya saa mbili. Kipindi kimoja kinatosha.

Tarehe 11 Novemba ina uzito mwingine. Waingereza huvaa ua jekundu la karatasi na hunyamaza dakika mbili ifikapo saa tano asubuhi. Kwa mwalimu aliyeko Dar es Salaam kuna kifaa cha bure mtaa wa Samora: sanamu ya Askari ya 1927, yenye maandishi ya Kiingereza na Kiswahili kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi ina ya kwake, Kenyatta Avenue. Peleka wanafunzi, au nakili maandishi, walinganishe Kiingereza na Kiswahili na kuandika sentensi tano kuhusu wapagazi, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo. Na uwaonye: siku hii mtu haambiwi "Happy". Vivyo hivyo Memorial Day ya Marekani, Jumatatu ya mwisho ya Mei, na Anzac Day ya Australia na New Zealand, tarehe 25 Aprili.

Hatua ya 8: Dini, wazazi na mipaka

Mzazi akisikia mwanawe amefundishwa Halloween, ana haki ya kuuliza. Mjibu kabla hajauliza. Mweleze mkuu wa shule, kisha watume wanafunzi na barua fupi nyumbani: tunajifunza desturi za watu wengine kama sehemu ya lugha, hakuna ibada, hakuna mavazi ya mizimu, hakuna nyimbo za dini. Kisha uishike ahadi hiyo. Kuelezea sikukuu na kuisherehekea ni mambo mawili, na darasa lenye watoto wa misikiti, makanisa na madhehebu yasiyoadhimisha hata siku za kuzaliwa linahitaji mstari ulionyooka.

Mwanafunzi asiyetaka kuigiza apewe kazi ya mwandishi wa habari: anazunguka meza hadi meza akiuliza na kuandika. Mara nyingi huyo ndiye huondoka na Kiingereza kingi kuliko wote.

Waonyeshe pia kwamba nchi hizo zenyewe si za Wakristo watupu. Leicester hufurika watu barabara ya Belgrave wakati wa Diwali. Shule za umma za New York hufungwa Idd tangu mwaka wa masomo wa 2015 hadi 2016. Ndiyo maana ofisini wengi husema "Happy holidays" wasipojua dini ya mwenzao. Mwanafunzi akiambiwa "Merry Christmas" naye si Mkristo, "Thank you, you too" inamtosha, na hakuna aliyekana imani yake kwa kuitika salamu.

Hatua ya 9: Kupima

Usitunge mtihani wa tarehe. Geuza mwelekeo: mpe mwanafunzi mgeni wa kubuni, mwenzake wa rika moja kutoka Leeds au Toronto, anayefika kwao siku ya sikukuu ya hapa. Amwandikie ujumbe wa kumwalika Idd, na hapo atalazimika kueleza kwamba siku haijulikani hadi mwezi uonekane: "It might be Friday or Saturday. It depends on the moon." Anayetoka Makunduchi aeleze Mwaka Kogwa, kwa nini wanaume wanapigana kwa migomba na kwa nini hakuna anayekasirika. Wa Moshi aeleze kwa nini mabasi hujaa Desemba.

Sahihisha kwa mambo manne: je, mgeni atajua siku na saa ya kufika, je, atajua avae nini na alete nini, je, kuna kitu kimoja ambacho mgeni hangeweza kukikisia, na je, vitenzi vimekaa kwenye nyakati zake. Tahajia ipe alama chache. Ukipata muda, badilishaneni: kila ujumbe usomwe na mwenzake anayejifanya mgeni, naye aandike chini yake maswali mawili ya Kiingereza kuhusu asichokielewa. Mwandishi ayajibu kabla ya kukusanya daftari.